Neno "Kasi" na Njia ya Kwenda Mpanda

Miongoni mwa maneno ambayo watafsiri wa mambo ya TEHAMA huyatumia bila ya kuyahoji, neno "kasi" limo katika safu ya mbele. Husemwa kasi ya intaneti, kasi ya tovuti, kasi ya kupakia. Na msomaji huachiwa adhani kuwa zote hizo ni jambo moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba kosa hili la lugha lina gharama yake, hasa kwa wananchi waishio mbali na pwani. Tumechagua kulieleza jambo hilo kwa historia ya njia za kwenda Mpanda na nchi yote ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Mkoa wa Katavi. Huko watu walikuwa wakingoja mizigo na habari kutoka pwani zamani sana kabla ya istilahi zetu kuzaliwa, na lugha ya kungoja kwao ina maneno tunayoyahitaji.

Tulipata kuletewa barua ya ofisi moja ya umma iliyo katika mikoa ya magharibi, tuisahihishe lugha yake. Mwandishi alieleza kwamba watumishi hukaa dakika nzima wakiutazama ukurasa mweupe kabla ya fomu kufunguka, akaomba "kasi iongezwe". Kasi iliongezwa, malipo ya kila mwezi yakawa maradufu. Fomu ikaendelea kufunguka kwa muda ule ule, pungufu kidogo. Barua ya pili ilisema kuwa mtandao "unasumbua", neno ambalo siku hizi limekuwa kama homa: hutajwa kwa kila ugonjwa na halimwelekezi mganga popote. Katikati ya barua hizo mbili, mwalimu mmoja aliyekuja kujaza maombi yake siku ya mwisho alikaa kwenye benchi la ofisi hiyo tangu asubuhi hadi milango ikafungwa, akaikosa nafasi. Aliyeandika barua hakusema uongo, na aliyeongeza kasi hakufanya hila. Mmoja alitaka kitu kimoja na mwingine akampa kingine, na vitu vyote viwili vilikuwa na jina moja.

Ili kuvitenganisha vitu hivyo, haina budi turudi nyuma kwenye miguu ya wapagazi.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Tabora mwezi Septemba akielekea Ujiji. Umbali baina ya miji hiyo, ukiupima kwa reli iliyojengwa baadaye, ni kilomita zipatazo 400. Mpagazi aliyezoea kazi, akiwa na mzigo wake wa frasila mbili hivi kichwani au begani, angeweza kuumaliza mwendo huo katika muda wa chini ya mwezi mmoja. Msafara wa Stanley, kwa hesabu yake mwenyewe, ulifika Ujiji tarehe 10 Novemba, baada ya siku 50 na zaidi. Je, wapagazi walikosa kasi? La. Njia iliyonyooka ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo wa Urambo, hivyo msafara ukazunguka kusini kwa kupita Ukonongo na nchi nyingine ambazo leo zimo katika Katavi, kisha ukapanda tena kaskazini. Na ulipofika Uha ulisimamishwa mara baada ya mara kutozwa hongo, hata mwishowe Stanley akaona heri asafiri usiku kwa siri.

Yafaa tukumbushe kwamba hongo wakati huo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa njia, uliodaiwa waziwazi na mtawala wa nchi, nao ulikuwa na taratibu zake. Msafara ulisimama, wajumbe wakatumwa, wakarudi na madai, wakatumwa tena na jibu, wakarudi na madai mapya, mpaka pande mbili zikapatana. Muda uliopotea hapo haukutegemea wingi wa mizigo. Msafara wa watu 20 na msafara wa watu 200 yote ilingoja wajumbe waende na kurudi. Ungewaongeza wapagazi mara mbili, wajumbe wangekwenda kwa mwendo ule ule.

Jambo hilo halikuwaelea Wazungu waliotaka kuigeuza biashara ya njia hizo. Mwaka 1879, mwaka ule ule ambao Wabelgiji waliianzisha ngome yao ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Mfalme Leopold wa Pili aligharimia jaribio la kuwatumia tembo waliofunzwa kazi. Tembo wanne kutoka India waliteremshwa pwani karibu na Dar es Salaam na kuongozwa bara kuelekea Karema chini ya Frederick Carter. Hoja ilikuwa ya wazi: tembo mmoja hubeba mizigo ya wapagazi wengi. Lakini wengi wa wanyama hao walikufa njiani, na Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 alipokuwa akirejea pwani, katika vita vya Mirambo. Hata kama tembo wote wangeishi, wangeongeza shehena ya kila safari tu. Mazungumzo ya hongo, kungoja kwenye visima na kuizunguka vita vingebaki kama vilivyokuwa. (Ngome ya Karema ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, na hakuna aliyeleta tembo tena.)

Basi tangu hapo tunavyo vitu viwili. Cha kwanza ni kiasi cha shehena kinachoweza kupita kwa wakati mmoja. Hicho huongezwa kwa kuongeza wapagazi, au tembo, au mabehewa. Cha pili ni muda unaopita tangu ujumbe kutoka hadi jibu lake kurudi. Huo hauongezwi wala haupunguzwi kwa wingi wa wabebaji. Unategemea urefu wa njia na idadi ya vituo.

Reli ilipofika, tofauti hiyo haikufutika. Reli ya Kati iliingia Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda iliachwa kando mpaka madini ya risasi yalipoifanya itamanike. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye kilomita zipatazo 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabakia kwa abiria na mazao. Treni moja ilibeba kile ambacho misafara mingi isingekibeba. Hata hivyo njia ilikuwa moja, treni zikipishana stesheni tu, na shehena ya kutoka Dar es Salaam ilipaswa kuachana na njia kuu Kaliua na kuingojea treni ya tawi. Mtu wa Mpanda aliyeagiza kitu kwa barua alijua kwamba siku nyingi zitapita hata kama alichoagiza ni sindano.

Watumishi wa zamani walilifahamu jambo hili kwa uzoefu, japo hawakulipa jina. Tuchukue mwalimu mkuu anayehitaji vitabu 40 vya aina mbalimbali kutoka Dar es Salaam. Akiandika barua moja yenye orodha ya vitabu vyote, atangoja safari moja ya kwenda na kurudi. Akiandika barua ya kitabu cha kwanza, akangoja kije, ndipo aandike ya kitabu cha pili, atastaafu kabla ya kupata kitabu cha 40, wala haitamsaidia kitu Shirika la Reli likimpa treni yenye mabehewa 100. Sijambo la kuchekesha hili: ndivyo tovuti nyingi zilivyoandikwa.

Maana ukurasa wa tovuti si kitu kimoja. Ni maandishi, na picha kadhaa, na mafaili ya mpangilio, na programu ndogondogo, na herufi za mapambo, kila kimoja kikiagizwa peke yake. Mara nyingi kivinjari hakijui kuwa kitu fulani kinahitajika mpaka kile kilichotangulia kifike na kusomwa. Na kabla ya kuagiza lolote ni lazima yafanyike maamkizi. Kwanza kivinjari huuliza anwani ya mahali tovuti ilipo. Kisha hubisha hodi na kungoja kuitikiwa. Kisha pande mbili hupatana juu ya ufunguo wa siri utakaolinda mazungumzo. Ndipo ombi lenyewe lipelekwe. Sisi Waswahili hatuna haki ya kuyashangaa hayo. Mzee wa kijijini haulizwi bei ya mahindi kabla ya kuamkiwa. Ila kila itikio katika maamkizi hayo ni safari nzima ya kwenda na kurudi.

Tufanye hesabu. Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani yetu, mawasiliano ya kwenda nje yalipita hasa kwenye satelaiti. Satelaiti ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000, na kwa mwendo wa mwanga, wa kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde. Ikiwa maamkizi na ombi la kwanza yana safari tano, kama yalivyokuwa kwa kawaida kwa tovuti zenye ulinzi, basi sekunde mbili na zaidi zimekwisha kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Hakuna fedha inayoweza kuzinunua sekunde hizo. Ungekodi njia pana mara kumi, satelaiti ingebaki pale pale.

Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilianza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani. Katika waya wa kioo mwanga husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Tukikadiria kuwa waya wa kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam una urefu wa kilomita 1,300, safari moja ya kwenda na kurudi inahitaji sehemu 13 tu za elfu moja za sekunde. Tovuti ikiwa imehifadhiwa Ulaya, kwa njia ya kilomita 10,000, safari moja huwa sehemu 100 za elfu moja. Minara ya simu na mitambo iliyo njiani huongeza muda wake, lakini tofauti itokanayo na umbali hubaki pale pale.

Na hapa ule mzunguko wa Stanley kupitia Ukonongo unaturudia kwa sura nyingine. Zamani barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Dar es Salaam kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikarudi, kwa kuwa makampuni mawili ya intaneti hayakuwa na mahali pa kukutana nchini. Kituo cha kubadilishana mawasiliano kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2004, na kingine Arusha miaka michache baadaye, mawasiliano ya ndani yaliweza kubaki ndani. Hata hivyo tovuti nyingi zinazowahudumia Watanzania peke yao zimepangishwa ng'ambo kwa sababu ya bei. Mtu wa Mpanda anayesoma tangazo la halmashauri yake huenda analisoma kutoka Ulaya. Kama tangazo hilo lina maamkizi ya safari tano na vipande vinavyofuatana, kila safari hulipiwa kwa umbali wa bahari.

Wahandisi wenyewe walichukua muda kuliona jambo hili. Mwaka 1996 Stuart Cheshire, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika makala akilalamika kwamba kila mtu anaongeza upana wa njia ambapo maradhi yako katika kungoja. Mwaka 2007 Steve Souders, aliyekuwa mhandisi wa Yahoo, alitoa kitabu ambacho kanuni yake ya kwanza ilikuwa kupunguza idadi ya maombi ya ukurasa. Mwaka 2018 taratibu za ulinzi zilirekebishwa ili mapatano ya ufunguo wa siri yahitaji safari moja badala ya mbili. Mwaka 2022 ukapitishwa utaratibu mpya wa mawasiliano ya tovuti ambao unaunganisha kubisha hodi na kupatana kuwa jambo moja. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyohusu upana wa njia.

Hatusemi kwamba uzito si kitu. Ukurasa wa kati duniani, ambao mwaka 2010 ulikuwa chini ya megabaiti 1, siku hizi unazidi megabaiti 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha. Tumeona kurasa za matangazo ya kazi ambazo maneno yake yangeenea kwenye bahasha moja, lakini juu yake imewekwa picha ya sherehe yenye uzito wa kitabu kizima. Wakulima wa mahindi wanalo jina la gunia lililojazwa kupita kipimo na kufungwa kilemba juu: lumbesa. Tungependa kusikia ukurasa wa namna hiyo ukiitwa ukurasa wa lumbesa, ingawa tunatambua kuwa baadhi ya wajumbe wataona neno hilo ni la sokoni mno.

Turudi sasa kwenye kazi yetu ya istilahi. Tunapendekeza kwamba neno "kasi" liachwe kwa mazungumzo ya kawaida, na katika maandishi ya kitaalamu na ya ofisi mambo yafuatayo yatajwe kila moja kwa jina lake. Wingi wa data ambao njia inaweza kuupitisha kwa sekunde uitwe upana wa njia. Wingi wa data uliomo katika ukurasa uitwe uzito wa ukurasa, na kuupunguza kuwe kubana, kama wengi wanavyosema tayari. Muda wa kungoja jibu la ombi moja uitwe ukawio, kutokana na kitenzi kukawia. Tulilifikiria neno "ucheleweshaji", lakini linamtuhumu mtu: anayechelewesha anaweza kuacha. Ukawio wa kutoka Mpanda hadi Ulaya hauna mwenye kosa, umetokana na umbali. Ombi na jibu lake pamoja viitwe safari. Matayarisho yanayotangulia ombi yaitwe maamkizi.

Nakala za vitu vya tovuti zinazowekwa karibu na msomaji, ama ndani ya simu yake au katika mtambo ulio nchini, tunapendekeza ziitwe nakala za bohari. Wengine wamependekeza "kache", na hatuna chuki na maneno ya kukopa. Lakini kila mtumishi wa zahanati anajua kwa nini Bohari ya Dawa ina ghala za kanda: ili dawa zisianze safari Dar es Salaam kila kituo kinapopungukiwa. Msimamizi wa tovuti akiambiwa kuwa hana bohari, ataelewa mara moja ni nini kinachokosekana.

Lau barua ile tuliyoitaja ingeandikwa kwa maneno haya, ingesema kwamba upana wa njia watosha, ila ukurasa wa fomu una safari nyingi na ukawio mkubwa, tena hauna nakala za bohari. Barua hiyo isingepelekwa kwa mwuzaji wa intaneti. Ingepelekwa kwa mwenye tovuti, ambaye angeviunganisha vipande vya ukurasa, akaihamishia fomu kwenye mtambo ulio nchini na kuziacha picha na mpangilio zihifadhiwe katika kompyuta ya ofisi. Na gharama yake yumkini ingekuwa ndogo kuliko nyongeza ya mwezi mmoja.

Limebaki neno "inapakia", ambalo huonekana kwenye simu wakati ukurasa unapongojewa. Tunakiri kwamba limekwisha enea, lakini hatulipendi. Kupakia ni kutia shehena chomboni. Karani wa Kaliua alipakia. Wa Mpanda alishusha, na mtu wa pwani angesema alipakua. Watafsiri walishauona mwelekeo huu walipokubaliana kuwa kulitoa faili mtandaoni ni kulipakua na kulipeleka huko ni kulipakia. Sasa ukurasa unakuja kwetu, nasi tunaambiwa unapakia: unapakia nini, na wapi? Orodha za Tafsiri Sanifu ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa lilianza kuzitoa katika miaka ya 1970 haziwezi kulaumiwa, kwani mwaka 1974 Serikali ilikuwa imezuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, na mambo haya hayakuwapo. Wanaongojea ukurasa wamelitatua jambo hili bila ya kutungojea sisi. Mwananchi aliye mbele ya ukurasa mweupe husema "haifunguki", na ukija husema "imefunguka". Tunapendekeza "inafunguka" ichukue nafasi ya "inapakia", na muda unaohusika uitwe muda wa kufunguka.

Hatujapata neno la hali moja tu, nayo ni ile ambayo ukurasa umekwisha onekana wote, vitufe vyake vyote viko mahali pake, lakini ukivigusa havijibu, kwa kuwa programu zake bado zinasomwa ndani ya simu. Hali hiyo haitokani na upana wala ukawio wa njia. Huonekana zaidi kwenye simu za bei nafuu, na humfanya mtu aguse mara tatu na kutuma ombi lake mara tatu. Msomaji anayelijua neno linalotumiwa mahali alipo, hasa katika vituo vya kujazia fomu, tunamwomba atuandikie.